Mlo wa Siku ya Nne

Kifaranga cha kambale huzaliwa na akiba ya siku tatu. Chini ya tumbo lake huning'inia kifuko kidogo cha kiini cha yai, na mpaka kiini hicho kiishe hahitaji kupewa chochote. Hujibanza na wenzake kwenye kona yenye giza, wamerundikana kama majani ya chai yaliyozama kwenye kikombe. Siku ya nne rundo linavunjika. Wanatawanyika beseni zima, midomo wazi, wanatafuta. Nilipoanza kuzalisha vifaranga mwaka 2015 nyumbani kwetu Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, siku hiyo ya nne ndiyo niliyoiogopa kuliko zote.

Kuzalisha kwenyewe nilikuwa nimeshakujua. Unamchoma jike sindano ya homoni jioni, asubuhi unamkamua mayai kwenye bakuli kavu. Dume hakamuliki, kwa hiyo unamchinja na kumtoa korodani, unazikatakata na kuzichanganya na mayai. Baada ya siku moja na saa kadhaa mayai yanaanguliwa. Gramu moja tu ya mayai ya kambale ina mayai 600 hadi 700, basi jike mmoja wa kilo anaweza kukujazia mabeseni yote uliyonayo. Mara ya kwanza niliita majirani waje waone. Nilidhani kazi imekwisha.

Siku ya nne nikachemsha yai la kuku, nikatoa kiini, nikakikamulia majini kupitia kitambaa kama nilivyoelekezwa. Maji yakawa meupe. Jioni yalikuwa na utando, alfajiri yananuka. Vifaranga vilikuwa vimelala chini na tumbo limebonyea. Vilikuwa vimezungukwa na chakula, vikafa kwa njaa. Baadaye nilielewa kwamba kambale wa siku nne bado hana tumbo lililokamilika la kusaga chakula, na huvutwa na kitu kinachocheza. Kiini cha yai hakichezi. Kinazama, kinaoza, kinakula hewa ya maji. Na wale wachache wenye nguvu, wakikosa cha kula, huanza kulana, wakianzia mkiani.

Nikanunua kopo la mayai ya artemia. Ni kiumbe wa maji ya chumvi, na mayai mengi yanayouzwa duniani hukusanywa kwenye Ziwa Kuu la Chumvi huko Utah, Marekani. Unayaweka kwenye maji ya chumvi yenye mapovu ya hewa, kesho yake yanaanguliwa, unachuja, unalisha. Vifaranga viliwapenda artemia hao, sitaki kusema uongo. Lakini artemia akiingia kwenye maji baridi hudumu saa chache tu, kisha anakufa na kuwa uchafu ule ule wa kiini cha yai, kwa hiyo ulishe kidogo kidogo usiku na mchana. Na kopo lilikuwa ghali. Nilipopiga hesabu mwisho wa msimu, faida yote ya vifaranga nilivyowauzia wavuvi wa migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi, ambao huvitumia kama chambo hai cha sangara, ilikuwa imeishia kwenye makopo.

Jibu lilikuwa mita 200 kutoka nyumbani, kwenye dimbwi la bata.

Mzee jirani yetu alikuwa na bata nyuma ya jaruba lake la mpunga. Asubuhi moja nilipita pale nikaona ndani ya maji yale mazito ya kijani kitu kama wingu la kutu, na wingu lenyewe linatetemeka. Niliinama. Zilikuwa nukta, maelfu kwa maelfu, kila moja inaruka juu na kushuka, inaruka na kushuka. Nikamwamkia mzee, nikamwuliza ni nini.

"Hao? Wadudu wa maji tu, mwanangu. Bata wanawapenda sana."

Nilichota nusu chupa. Kesho yake nikapanda daladala mpaka chuo cha uvuvi cha Nyegezi, ambako mkufunzi mmoja mwenye moyo mwema alitia tone la maji yale chini ya hadubini na kunisogezea kiti.

Sijawahi kusahau nilichokiona. Kiumbe kilikuwa cha kioo. Jicho moja tu, kubwa, jeusi, likitikisika muda wote. Mikono miwili yenye matawi, ile anayorukia. Ndani ya gamba, miguu ikipepea bila kupumzika, ikivuta maji na kuchuja. Utumbo ulionekana wote, umejaa kijani cha alichokula asubuhi ile. Nyuma ya mgongo, moyo ukidunda haraka kuliko nilivyoweza kuhesabu, na chini yake kifuko chenye watoto, nao tayari wana jicho. Mkufunzi akaniambia kwamba uwazi huo umewahi kuwafaa binadamu wote. Mwaka 1884 mwanasayansi Élie Metchnikoff alimtazama ndugu wa kiumbe huyu, dafnia, akiwa ameshambuliwa na kuvu, akaona kwa macho yake seli za mwili zikizikimbilia mbegu za ule ugonjwa na kuzimeza. Mengi tunayoyajua kuhusu kinga ya mwili yalipata msingi hapo, naye mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel. Nilirudi Kisesa na chupa yangu nimeipakata mapajani.

Wengi huwaita viroboto wa maji, lakini si viroboto wala si wadudu. Ni jamii ya kamba na kaa. Niliowachota mimi walikuwa moina, wadogo kuliko dafnia. Mkubwa wao hufika milimita 1 hivi, na anayezaliwa leo hafiki nusu milimita, sawasawa na mdomo wa kambale wa siku ya nne. Dafnia wakubwa wanaofugwa Ulaya hupenda ubaridi. Moina wanastahimili joto letu, nyuzi 24 hadi 31, na wanavumilia maji yenye hewa kidogo. Mambo yakiwa mazuri hakuna dume hata mmoja, majike huzaa majike wenzao bila kupandwa. Ana siku nne au tano tangu azaliwe, tayari ni mama. Kila uzao huwa na watoto 4 hadi 22, na baada ya siku mbili hivi anazaa tena.

Kwa hesabu hiyo nilitegemea wiki mbili zinitoshe kujaza pipa. Nikaua pipa la kwanza ndani ya siku tatu.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa anaishi nasi na alifuga kuku wa mayai. Nilichukua kinyesi cha kuku ndoo nzima, nikakimimina kwenye pipa. Kwangu mantiki ilikuwa ile ya shambani, kwamba mbolea ikizidi na mazao yanazidi. Maji yakawa meusi, yakatoa harufu ya mkojo inayochoma macho, na moina wangu wakazama. Pipa la pili nililipa nusu ndoo. Likafa. La tatu nilikata tamaa, nikalitia konzi moja tu ya kinyesi kikavu kilichofungwa kwenye soksi, nikalisahau kwa wiki nzima kwa sababu ya msiba huko Magu. Niliporudi, maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo, na moina walikuwa wanachemka humo kama uji.

Ilinichukua muda kukubali maana yake. Moina hali kinyesi. Hawezi. Anachuja bakteria, mwani na hamira, vitu ambavyo mimi sivioni, na kinyesi ni chakula cha hivyo visivyoonekana. Nilikuwa nikihangaika kulisha samaki, kisha nikahangaika kulisha moina, na kazi halisi ilikuwa kulisha maji. Ukishaweka mbolea, kuna siku tatu au nne ambazo hakuna unachokiona, na hapo ndipo mkono unawasha kuongeza. Huko kuongeza ndiko kunakoua. Bakteria wakizidi wanamaliza hewa yote usiku, amonia inapanda, na moina wanaondoka kabla ya karamu kuanza.

Basi nikajifunza kupima. Nusu kilo ya kinyesi kikavu kwa lita 1,000 za maji, ndani ya soksi au kisalfeti kidogo, kining'inie, kisichanganywe. Kikikauka vizuri juani kinapunguza harufu na nzi. Nilijaribu na mabaki mengine ya nyumbani na ya sokoni: pumba za mchele kutoka mashineni zilizochachushwa na kijiko cha hamira, mashudu ya pamba yaliyolowekwa, majani ya kabichi yaliyooza. Yote yanafaa kwa kipimo chake. Pumba huleta maji meupe ya haraka na hufa haraka, kinyesi cha kuku huchelewa lakini kinadumu. Kuku waliotoka kupewa antibayotiki kinyesi chao nakiacha, kwa sababu dawa inayoua bakteria kwenye kuku haisiti kuua wale ninaowahitaji majini. Maji ya bomba nayaacha wazi juani siku mbili, klorini iondoke. Kina cha maji nusu mita kinatosha. Kipimo changu cha kila siku ni mkono: nikiuzamisha mpaka kwenye kiwiko ninapaswa kuviona vidole kwa mbali. Nisipoviona nimezidisha. Nikiviona wazi kabisa, wana njaa.

Na kuna rangi ya moina wenyewe. Hewa ikipungua hutengeneza hemoglobini, jamii moja na ile ya damu yetu, wakawa wekundu. Ndiyo kutu niliyoiona kwa bata. Alfajiri nikiwakuta wekundu wamejazana juu, nachota maji kwa ndoo na kuyarudisha kutoka juu, mara ishirini, thelathini, mpaka mabega yaume. Mashine ya hewa yenye mapovu laini niliiacha, maana povu dogo huingia chini ya gamba, likampandisha moina juu kama boya asiweze kushuka tena.

Shangazi hakuwa amependa mapipa yangu. Alikuwa ameuza dagaa Mwaloni, Kirumba, zaidi ya miaka ishirini, na kwake samaki anatoka ziwani. Siku moja nilimwita, nikamwekea moina kwenye glasi dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Shangazi, hiki ndicho anachokula dagaa."

Akaitazama glasi kwa muda mrefu. "Dagaa wa ziwani?"

"Wa ziwani. Hawa na jamaa zao. Usiku wanapanda juu, na dagaa anawafuata."

Alinyamaza. Kisha akasema kwamba miaka yote ile, akimpasua dagaa aliyevuliwa usiku, alikuwa anakuta tumboni kitu kama uji wa rangi ya chungwa, na hakuwahi kuuliza ni nini. Tangu siku hiyo kinyesi cha kuku wake kilinifikia kimekaushwa na kupepetwa.

Mara ya kwanza kulisha vifaranga kwa moina sikulala. Nilichuja kwa kipande cha pazia la shela ili wakubwa wabaki na watoto wapite, kwa sababu mkubwa haingii kwenye mdomo mdogo vile. Nikawamimina watoto hao kwenye beseni saa mbili usiku. Nikazima taa, nikawasha tochi ya simu kwa pembeni. Mwanzoni kambale hawakufanya lolote. Kisha mmoja akajipinda, akagonga, nukta ikapotea. Akagonga nyingine. Sharubu zao ni fupi sana siku hiyo, kama nyuzi, lakini zilikuwa zinapapasa kila upande. Saa nane usiku matumbo yalikuwa yamefura, na kwa kuwa ngozi yao bado ni angavu niliona nilichowalisha kipo ndani, kinafifia polepole. Na asubuhi, moina waliobakia walikuwa bado wazima, wanaruka. Wangesubiri mpaka mwenye njaa awafikie. Maji hayakunuka. Mwenye kukaa miaka miwili akimwaga maji yaliyooza kila alfajiri atajua kwa nini nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia.

Tulienda vizuri kwa misimu mitatu. Robo ya pipa kwa siku ndiyo niliyovuna, si zaidi, hata mteja akilalamika.

Kisha majirani wakalalamikia mbu. Walikuwa na haki. Maji yaliyotulia yenye mbolea ni kitalu cha mbu, na mjumbe wetu alikuja mwenyewe kuniambia kwa upole kwamba watoto wa mtaa wanaumwa. Nilikuwa nikichuja viluwiluwi kila siku, lakini havikwisha. Nikaamua kufunika. Ndani kulikuwa na vyandarua viwili vipya ambavyo havijatolewa kwenye mifuko. Nikavikata, nikafunika mapipa yote matatu jioni moja, nikafunga kwa mpira. Kwenye pipa la katikati chandarua kililegea katikati, kikagusa maji. Usiku ilinyesha mvua, ikapita kwenye nyuzi na kushuka kwenye mengine mawili.

Asubuhi mapipa yalikuwa kimya. Sijui niseme vipi kwa mtu asiyewahi kuyaangalia: maji yenye moina yana msisimko juu yake, kama ngozi inayosisimka kwa baridi. Hayo hayakuwa nao. Chini kulikuwa na tabaka la rangi ya majivu. Nilifikiri ni hewa, nikaanza kumwaga maji kwa ndoo kama kichaa, na nilipofunua pipa la tatu ndipo nikashika kile chandarua na kukumbuka kimetiwa nini.

Dawa ya chandarua ni ya jamii ya pairethroidi. Kwa mtu anayelala ndani yake, kwa kipimo kile, ni kinga, na imeokoa watoto wengi nchini kwetu. Kwa viumbe wa majini, samaki na hawa wadogo hasa, kiasi kidogo mno kinatosha kuua. Mkufunzi wa Nyegezi aliponisikia kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba maabara za dunia nzima zinapotaka kujua kama kemikali ni hatari kwa maji, huwatia humo dafnia wasiozidi saa 24 tangu wazaliwe, na kuhesabu wangapi wameacha kuogelea baada ya saa 48. Ni kipimo rasmi. Mimi nilikuwa nimefanya kipimo hicho kwenye mapipa yangu bila kujua, na jibu nilikuwa nimelishika mkononi.

Ndani, kwenye mabeseni, vifaranga vilikuwa vya siku ya tatu.

Sitasimulia siku zilizofuata. Nilikwenda mbio kwa mzee wa bata, lakini dimbwi lilikuwa limefukiwa, mwanawe anajenga. Kuhusu vifaranga vile, vilivyosalia vilitosha kujaza sufuria moja. Kilichonikaa moyoni zaidi ya hasara ni kwamba nilifunika mapipa yote siku moja. Ningefunika moja na kusubiri, ningepoteza moja. Tangu hapo sibadilishi kitu kwenye mapipa yote kwa pamoja, iwe mbolea, maji au hata ndoo ya kuchotea, na pipa moja liko peke yake upande wa pili wa nyumba, lina chombo chake, na mtu aliyejipaka dawa ya mbu haligusi. Kufunika nafunika kwa kanga kuukuu.

Moina walirudi kutoka mahali nilipokuwa nimepadharau. Nyuma ya banda kulikuwa na nusu pipa lililokauka tangu kiangazi cha mwaka uliopita, la jaribio nililoliacha. Chini yake kulikuwa na gamba la tope lililopasukapasuka. Mkufunzi ndiye aliyeniuliza kama nina tope la zamani. Maisha yakiwa magumu, alisema, wakibanana, wakikosa chakula au maji yakipungua, ndipo moina huzaa madume, na majike waliopandwa hutaga mayai ya aina nyingine, yenye ganda jeusi gumu, yanayongoja. Yanaweza kukauka. Yanaweza kupeperushwa na upepo au kusafiri kwenye matope ya miguu ya bata. Nililikwangua tope lile kwa kisu cha jikoni, nikalitia kwenye beseni jeupe lenye maji safi ya kisima, nikaliweka kwenye mwanga. Siku ya kwanza tope. Siku ya pili tope. Siku ya nne, asubuhi, saba. Niliwahesabu mara tatu, kwa kidole, bila kugusa maji. Mapipa yote niliyo nayo leo ni ya hao saba.

Tangu hapo kila kiangazi naacha pipa moja likauke kwa makusudi. Tope lake nalihifadhi kwenye bahasha za kaki, juu ya kabati, nimeziandika mwezi na mwaka.

Mwaka jana alinijia kijana wa Sengerema, mvuvi wa migonzo, aliyekuwa akinunua chambo kwangu muda mrefu. Alitaka kuzalisha kambale wake mwenyewe. Nilimwonyesha kila kitu kwa siku mbili, pamoja na kanga na sababu yake. Wakati wa kuondoka alitaka kubeba moina kwenye chupa, nikamwambia joto la safari mpaka ng'ambo ya kivuko cha Kamanga litawaua, nikampa bahasha. Akaitikisa sikioni, akanitazama kwa adabu, akaitia mfukoni mwa shati.

Alipiga simu siku ya tano, usiku.

"Shikamoo mama. Nimeona vitatu. Labda vinne. Vinaruka."

"Marahaba. Maji yana rangi gani?"

"Meupe tu, ya kisima. Mama, niwape nini? Kinyesi ninacho hapa, ndoo imejaa."

Nikamwambia atie konzi moja kwenye soksi, aining'inize, aende akalale, na asirudi pale mpaka Jumapili.